Mbio Zina Mahali Pake

Yanapotajwa mashindano ya magari, wengi wetu hufikiria vyombo vya ajabu vilivyoundwa ng'ambo kwa mamilioni ya fedha, na kuendeshwa na watu ambao si wa kwetu. Historia ya Afrika Mashariki inatusahihisha. Mwaka 1966 ushindi wa mashindano ya East African Safari ulichukuliwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell kama msaidizi wake ndani ya gari. Mwaka uliofuata, 1967, watu hao wawili waliurudia ushindi huo. Gari lao lilikuwa Peugeot 404, yaani ndugu wa magari yale yale yaliyokuwa yakibeba abiria, maofisa, wagonjwa na mizigo ya sokoni katika nchi zetu zote. Lilikuwa gari la familia, nalo liliandaliwa likawa gari la mbio.

Tunalikumbusha jambo hili kwa sababu linahusu moja kwa moja yale yanayotendeka leo katika gereji za Kinondoni na Temeke. Chini ya miembe na mikungu, pembeni ya vichochoro vya Mwananyamala, Tandika na Keko, magari ya kawaida kutoka Japani yanafunguliwa na kufungwa upya ili yaende kasi kuliko yalivyokusudiwa. Yamo Toyota Altezza na Mark II, yamo Subaru, na yamo hata magari manyenyekevu kama Corolla na IST, ambayo waliyoyaunda waliwaza zaidi safari ya sokoni na shuleni. Mafundi wetu wana mikono yenye akili, na vijana wenye magari hayo wana hamu kubwa. Kinachokosekana ni vitu viwili: mpangilio wa kazi yenyewe, na mahali halali pa kuijaribia.

Kwanza tuitazame historia, maana ndani yake mna mafunzo ya bure. Safari ilianzishwa mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Mmoja wa waanzilishi wake, Eric Cecil, hakuvutiwa na kuzunguka njia ile ile moja katika uwanja wa mbio wa Langa Langa nchini Kenya. Alitaka magari yapimwe katika barabara za nchi hizi kama zilivyokuwa. Katika miaka ya mwanzo magari yaligawanywa kwa makundi kulingana na bei yake dukani, kwa sababu nia ilikuwa kuonyesha gari gani, miongoni mwa yale ambayo mwananchi angeweza kulinunua, lingestahimili vumbi, mawe na tope.

Mitihani hiyo haikuwa mchezo. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968, mvua zilipoharibu njia, yaliondoka 93, na safari hiyo nayo yakamaliza saba. Katika miaka yote hiyo miwili mshindi alikuwa Nick Nowicki, naye aliendesha Peugeot 404. Katikati yao, mwaka 1965, Joginder Singh wa Kenya na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha tumiwa na wengine kabla yao. Mwaka 1972 mashindano yalianzia hapa hapa Dar es Salaam, na kwa mara ya kwanza dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki, Hannu Mikkola wa Finland, akaondoka na ushindi. Baadaye Safari ilibaki kuwa ya Kenya peke yake.

Somo la miaka hiyo ni dhahiri. Peugeot 404 haikushinda mara nne kwa kuwa na injini yenye nguvu kuliko zote. Injini yake ilikuwa ya cc 1,618 tu. Ilishinda kwa sababu springi zake zilimeza mashimo, bodi yake haikupasuka, na dereva aliweza kuiamini pale alipotaka isimame au ikate kona. Gari lililofika lilikuwa lile lililostahimili. Ndiyo maana tunasema kwamba anayeanza kulitengeneza gari la nyumbani kwa kuongeza nguvu ya injini ameushika mkia badala ya kichwa.

Tuanze basi na kichwa, nacho ni breki. Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza haiongezeki sawasawa na mwendo, bali kwa mraba wake. Gari likitoka mwendo wa kilomita 50 kwa saa kwenda 100, mwendo umezidi mara mbili, lakini kazi ya breki imezidi mara nne. Katika sekunde moja tu, muda ambao dereva hutumia kuona na kuuhamisha mguu wake, gari la kilomita 50 huwa limekwenda mita kama 14. La kilomita 100 limekwenda karibu 28, na breki bado hazijashikwa. Mwenye kufunga bomba jipya la moshi lenye mngurumo, akaziacha pedi zilizolika na sahani zilizopinda, amejinunulia sauti na kuuza usalama wake.

Zaidi ya pedi kuna mafuta ya breki, ambayo wengi hawayakumbuki mpaka siku yanapovuja. Mafuta haya yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani, nasi tunaishi pwani, penye hewa nzito kwa unyevu mwaka mzima. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji kiasi cha kipimo kinachotumika, kiwango cha chini kinachokubalika hushuka hadi 155. Breki zinapotumiwa kwa nguvu mara kwa mara, kama inavyokuwa uwanjani, mafuta yaliyozeeka huchemka na kutoa mapovu ya mvuke. Mvuke hubonyea, na kanyagio huzama mpaka sakafuni bila gari kusimama. Dawa yake si ghali: mafuta mapya kutoka kopo lililofungwa, na ya zamani kutolewa yote kabla ya siku ya mbio.

Baada ya breki ni matairi, maana breki husimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha gari ni mpira unaoshikana na barabara. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa kwake: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba laweza kuwa na meno mazuri likawa limekauka kama ngozi ya zamani, na jua letu huongeza ugumu huo. Kijana anayenunua rimu kubwa zinazong'aa, akazivika matairi yasiyojulikana umri wake, ameanza kwa pambo. Afadhali rimu za kiwandani na matairi manne mapya ya aina moja.

Hapo ndipo tunapofika kwenye springi na shokapu, mahali penye makosa mengi katika gereji zetu. Desturi ya kukata springi ili gari likae chini imeenea kwa sababu haina gharama. Lakini springi iliyokatwa imepungukiwa na nafasi ya kufanyia kazi. Gari hugonga kituo chake kwenye kila tuta, gurudumu huruka, na gurudumu lililoruka haliwezi kukata kona wala kufunga breki. Springi yenyewe yaweza hata kuchomoka mahali pake gari likinyanyuka. Anayetaka gari tulivu kwenye kona na aanze kwa kubadilisha shokapu zilizochoka na bushi zilizopasuka, kisha alipeleke gari kupimwa mwelekeo wa magurudumu. Gari la miaka ishirini lililorudishiwa ugumu wake wa kiwandani litamshangaza mwenyewe.

Joto nalo ni adui. Iko desturi nyingine ya kuondoa temostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto na haiihitaji. Temostati haikuwekwa kwa ajili ya nchi za barafu tu. Kazi yake ni kuiwezesha injini ifike katika joto lake la kazi na kubaki humo. Ikiondolewa, injini huenda muda mrefu ikiwa baridi, na kompyuta ya gari la kisasa huendelea kuongeza petroli bila sababu. Mwenye nia ya mbio na aoshe rejeta, ajaze maji maalumu ya kupozea badala ya maji ya bomba, na ahakikishe feni inafanya kazi. Oili ya injini iwe mpya na ifike alama ya juu ya kijiti, bila kuizidi, kwa kuwa kwenye kona kali oili hukimbilia upande mmoja na pampu huweza kunyonya hewa. Na kwa kuwa magari mengi yanayoingia nchini ni ya gia za kujiendesha, oili ya gia isisahauliwe. Uwanjani huchemka haraka kuliko njiani, na dereva mwenye busara hupumzisha gari baada ya mizunguko michache.

Hapa tungependa kusema neno na ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, ambao magari yao huishi jirani na bahari. Chunyu haina haraka, lakini haichoki. Huingia chini ya zulia, katika mashina ya milango na pale mikanda ya usalama inapofungwa sakafuni. Mkanda wa mbio wa bei kubwa, uliofungwa kwenye bati lililooza, hauna thamani kuliko kamba ya katani. Kabla ya senti moja kutumika kwa jambo lolote la kasi, gari la visiwani na livuliwe mazulia, ligongwegongwe kwa nyundo ndogo na kuangaliwa kwa tochi. Bati likilia kama gamba, kazi ya kwanza ni ya mchomeleaji.

Vivyo hivyo tuonye juu ya fremu ya mabomba ambayo wengine huifunga ndani ya gari kwa kuiga magari ya mashindano. Fremu hiyo ni ngao kwa dereva aliyevaa kofia ngumu na mikanda kamili. Kwa mama na watoto waliokaa ndani ya gari hilo hilo siku ya Jumatatu, bila kofia, ni chuma kilicho karibu na vichwa vyao. Gari litakaloendelea kuwa la familia libaki na mikanda yake ya kiwandani, mifuko yake ya hewa na viti vyake. Siku ya uwanja viondolewe vitu vilivyolegea tu: tairi la akiba, jeki, spana, chupa za maji na mizigo ya buti.

Ni baada ya yote hayo ndipo injini ifikiriwe, na mara nyingi mwenye gari atakuta kwamba injini aliyonayo inamtosha. IST yenye injini ya cc 1,300 au 1,500, yenye breki nzuri na matairi mapya, itamfundisha dereva mchanga mambo mengi kuliko gari lenye nguvu asiyoweza kuitawala.

Sasa tuje kwenye swali la mahali, ambalo ndilo kiini cha maoni yetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi. Barabara ya Kilwa inapopita Mbagala, au Barabara ya Bagamoyo inapoelekea Tegeta na Bunju, si ukumbi mtupu unaomsubiri mwenye gari lake. Kuna mwanafunzi anayevuka, mchuuzi mwenye toroli, bodaboda isiyo na taa, daladala inayosimama ghafla, na mzee ambaye sikio lake halisikii tena vizuri. Hao hawakukubali kushiriki mashindano ya mtu. Dereva anayejaribu gari lake usiku katika barabara ya umma haonyeshi ufundi. Anaweka rehani maisha ya watu ambao hakuwauliza. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa barabara zetu una watu.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Hamu ya vijana ya kupima mashine haikuzaliwa leo wala haitaondoka kwa amri. Ikiwa hakuna mlango uliofunguliwa, watapita dirishani. Nchi nyingine zililitatua jambo hili bila anasa. Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa na viwanja vya ndege za kijeshi visivyohitajika tena. Silverstone na Goodwood vilianza kutumika kwa mbio mwaka 1948, vikiwa na lami iliyokwishawekwa kwa ajili ya vita. Hawakuanza kwa kujenga majukwaa ya fahari. Walianza na lami iliyokuwapo, kamba za kuzuia watu na uangalizi.

Sisi twaweza kuanza kwa udogo zaidi. Uwanja mpana wa kuegeshea magari siku ambayo hauna kazi, koni za plastiki mia moja, na njia iliyochorwa yenye kona nyingi na nyofu fupi, hutosha kumfanya dereva aupate ukomo wa gari lake kwa mwendo usiofika kilomita 60 kwa saa. Magari huingia moja moja, hivyo hakuna wa kugongana naye. Kosa likitendeka, huanguka koni. Temeke ina maeneo mapana ya lami na changarawe kuzunguka viwanja vyake vya michezo na vya maonyesho. Ni jambo la wenye mamlaka kukaa na kuona lipi laweza kutolewa kwa siku kadhaa za mwaka.

Siku kama hiyo iwe na masharti yasiyobembelezwa. Kila gari likaguliwe asubuhi: breki, matairi, mikanda, usukani, uvujaji wa mafuta. Lisilofaa lirudi nyumbani kwa mwendo wa pole. Dereva awe na leseni, kofia ngumu na nguo zinazofunika mwili. Watazamaji wakae mbali, nyuma ya kizuizi, na wala si kwenye kona. Gari la wagonjwa na vizima moto viwepo kabla ya injini ya kwanza kuwashwa. Isitolewe zawadi kwa mwenye kasi kuliko wote katika siku za mwanzo, ili watu wajifunze kabla ya kushindana. Na kila mmoja aelewe kwamba bima ya kawaida ya gari kwa kawaida haigusi hasara ya mbio, na kwamba mabadiliko makubwa ya gari yapasa kutajwa kwa wenye bima na kwa mamlaka.

Vyombo vya kulisimamia jambo hili vipo. Chama cha Magari cha Tanzania ndicho chenye uzoefu wa mashindano ya rali na uhusiano na shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Baraza la Michezo la Taifa lina wajibu wa michezo yote, na kwa Zanzibar kuna baraza lake. Kikosi cha Usalama Barabarani kina wakaguzi wanaojua gari bovu kwa kulitazama. Chuo cha VETA kiko Chang'ombe, mwendo mfupi kutoka gereji nyingi za Temeke, na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo. Fundi wa mtaani aliyejifunza kwa macho na mikono hapaswi kudharauliwa. Anastahili kozi fupi ya jioni juu ya breki, uchomeleaji na mifumo ya mikanda, na cheti kitakachomwezesha kukataa kazi ya hatari bila kuogopa kumpoteza mteja.

Wako watakaosema kwamba nchi yenye mahitaji ya hospitali na shule haina haja ya kufikiria michezo ya wenye magari. Hoja hiyo ina uzito, nasi hatuombi hazina ya taifa ifunguliwe. Washiriki wenyewe walipe kiingilio kitakachogharimia koni, ulinzi na gari la wagonjwa. Wengine watasema kwamba kuwafundisha vijana mbio ni kuwachochea. Tunajibu kwamba mtu aliyewahi kuliona gari lake likiteleza kati ya koni, kwa mwendo aliodhani ni mdogo, huondoka pale na heshima mpya kwa barabara yenye watoto. Anajua umbali ambao gari huhitaji ili lisimame, kwa sababu ameupima kwa mguu wake mwenyewe.

Faida haiishii uwanjani. Gari lililokaguliwa breki Jumamosi ndilo linalompeleka mama hospitali Jumapili na watoto shuleni Jumatatu. Mafuta ya breki yaliyobadilishwa kwa ajili ya mizunguko kumi ya koni yatakuwamo siku mtoto atakapolikimbilia tunda barabarani. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mkoa, wa michezo na wa polisi, Bara na Visiwani, wakutane na mafundi hawa, wachague uwanja mmoja na siku moja, waweke masharti, na wajaribu. Na vijana wetu tunawaambia: lizuieni gari kwanza, ndipo mliongezee mbio, na mbio hizo mzingojee mahali pake.